Mguu wa Shangazi Bernardine

Kigaga cha donda la Sévère kilianguka Jumapili, watu wametoka misa, na nyumba yake nzima ikashangilia kama nyumba iliyopata mtoto. Shangazi Bernardine alikishika kwa vidole viwili, cheusi, kikavu juu na chini kinanata, akakigeuza huku na huku ili kila mtu azione nyuzi nyeupe zilizoning'inia upande wa ndani.

"Munaona? Mizizi hiyo! Imetoka na mizizi yake kama muhogo. Minye mwenyewe niliwaambia nini?"

Léocadie, mke wa Sévère, alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Bernardine alikuwa dada ya marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfunda na kumtoa kwenda kuolewa, na sasa ndiye anayemponyesha mume. Mtu akupe nini tena? Siku hiyo, hapo kijijini Nyakabere, Léocadie alijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote, na wala hakuona haya kuwaambia jirani.

Sévère alikuwa nyamweru. Ndivyo watu wa bonde la Ruzizi wanavyomwita aliyezaliwa na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya majani makavu. Mtu wa namna hiyo na jua hawapatani, lakini miaka ile ya hamsini serikali ya Wabelgiji ilitaka pamba, na pamba hailimwi ndani ya nyumba. Nyamweru au si nyamweru, kila mwanamume alikuwa na shamba lake lililopimwa kwa kamba. Mkewe alimsukia kofia pana ya ukindu. Kofia ilisaidia kweli, ila muzungu wa pamba akipita ilibidi Sévère aivue na kuishika kifuani, na muzungu yule, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kupenda hotuba.

Kipele kilimtoka karibu na sikio la kushoto. Kilikuwa kama punje ya mahindi. Kikatoa damu, kikakauka, kikatoa damu tena. Hapo ndipo Bernardine alipoleta dawa ya baba yake: utomvu wa mnyaa, majivu ya maganda ya ndizi, na mrututu, lile jiwe la buluu walilouza Waarabu dukani Sange. Ukisaga pamoja unapata uji mweusi. Unaupaka juu ya donda, unafunga. Ilichoma dawa hiyo! Sévère aliuma kitambaa, machozi yakamchuruzika, na miguu ikapigapiga mkeka yenyewe.

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi," alisema Bernardine, amemshika kichwa. "Dawa isiyochoma ni maji ya kunawa. Vumilia, mukwe wangu."

Kigaga kikianguka, hakitupwi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya baba yake Bernardine. Hukifunga kwa jani bichi la mgomba, hukifukia penye shina la mgomba mchanga nyuma ya nyumba, na mgomba huo ukitoa mkungu, donda halirudi tena. Basi walikifukia, wakanywa pombe ya ndizi, na Bernardine akaenda zake na mbuzi wa shukrani, akimvuta kwa kamba huku akitembea wima kabisa kwa mguu wake wa kulia.

Mguu huo ndio uliokuwa cheti chake. Miaka michache nyuma alikuwa na donda muundini lililonuka mpaka wenzake walikwepa kuteka maji naye. Akaondoka, akasema anakwenda Uvira kwa wakwe, kule Mulongwe, akapike dawa ya baba yake kwa utulivu. Aliporudi, mguu ulikuwa mzima. Pale palipokuwa na donda palikuwa na kovu laini, la pembe nne kama kiraka cha nguo. Tangu siku hiyo, kutoka Nyakabere mpaka Sange, mwenye donda sugu alijua mlango wa kubisha. Asiyeamini, Bernardine alipandisha kitenge kidogo, kwa heshima, akamwonyesha muundi wake.

Mgomba ulikuwa bado haujatoa mkungu donda liliporudi.

*

Safari hii lilikuwa pana kama jani la kisamvu. Bernardine hakutikisika. Alisema mizizi iliyobaki ndiyo inakasirika, akapaka tena, kigaga kikaanguka tena, wakafukia tena. Vigelegele vilikuwa vichache. Na lilipofunguka mara ya tatu, Léocadie alianza kukosa usingizi. Asubuhi moja alifunga nguo za mumewe ndani ya kitenge, akamwambia, "Baba Spès, twende Uvira. Hospitali."

Spès alikuwa binti yao wa kwanza, na mdogo wake, Jean-Berchmans, alikuwa bado wa mgongoni.

Sévère aliogopa hospitali kuliko alivyoogopa donda. Kila mwaka wauguzi wa serikali walipita vijijini, wakiwapanga watu vifua wazi, wakiwachomachoma kwa pini kutafuta ukoma, na aliyepatikana alipelekwa kambi ya wakoma. Wakija, Sévère alijificha kwenye matete ya mtoni. Ngozi yake tu ilitosha kumtia mashakani, seuze ngozi yenye donda. Lakini mkewe alimbembeleza, akalia, akakataa kula, mpaka yule mwanamume akakubali. Wakaenda Sange barabarani kungojea kamiyo, lori la pamba linaloteremka Uvira.

Kamiyo ilikuja. Dereva alikubali kuwapakia juu ya magunia. Léocadie alikwisha panda, anamnyooshea mumewe mkono, ndipo Bernardine alipotokea upande wa soko akikimbia, kitenge amekikunja juu ya goti.

"Sévère! Weye Sévère! Unakwenda wapi na hilo sikio?"

"Shangazi, tunajaribu hospitali," alijibu Léocadie kutoka juu. "Tutarudi kwa dawa yako."

"Minye siongei na weye, mama. Naongea na mugonjwa." Alimshika Sévère bega. "Sikiliza. Wazungu hawajui donda hili. Watakukata sikio, watakukata na shavu, halafu watasema iko ukoma. Kambi ya wakoma muntu anaingia, hatoki. Watoto wako utawaona wapi? Mizizi imebaki kidogo tu! Minye nilikuwa na donda kubwa kuliko lako. Nani alinikata? Angalia!"

Akapandisha kitenge, hapo barabarani mbele ya dereva na wauza mihogo, akaonyesha ule muundi.

Sévère aliuangalia mguu. Akamwangalia mkewe aliyekaa juu ya magunia ya pamba.

"Mama Spès, shuka," alisema polepole.

"Sishuki. Panda weye."

"Shuka, nakuomba. Watu wanatuangalia."

Dereva akapiga honi. Léocadie akashuka. Wanawake wa mihogo walicheka kicheko kile cha kuziba mdomo, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi wanawake ndio wanaowapandisha waume kwenye kamiyo. Léocadie alijisikia vibaya, lakini si sana. Ndani ya moyo wake alikuwa hata amepata nafuu, maana shangazi hawezi kukosea jambo kubwa namna ile. Shangazi ni damu yake.

*

Haya, dawa ikaendelea. Ikala ncha ya sikio, ikala nyama ya shavu. Nyumba ikanuka. Kanisani watu walisogea wakaliacha benchi tupu, na hata katekista alimwomba Sévère, kwa adabu nyingi mno, awe anasalia nje karibu na dirisha. Alisalia nje majuma mawili, la tatu akabaki nyumbani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Léocadie kuliko maneno.

Kisha uvimbe ukatokea shingoni, mgumu kama kokwa. Bernardine aliubonyeza, akasema atarudi na dawa nyingine. Hakurudi juma hilo, wala lililofuata. Alipotumiwa mtu, alisema mguu unamuuma.

Safari hii Léocadie hakubembeleza mtu. Alimpeleka mumewe barabarani kama mtu anayepeleka mzigo wake mwenyewe, akamwinua juu ya kamiyo na dereva akamsaidia, wakashuka Uvira ziwa likiwa limechafuka kwa upepo. Walilala Mulongwe kwa mtu wa ukoo. Asubuhi walikuwa kwenye foleni ya hospitali.

Muganga muzungu alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama Sévère sikio, akapapasa shingo kwa vidole vyake, akapapasa tena, akasema Kifaransa kwa infirmier wake, muuguzi mnene wa makamo aliyeitwa Nyandwi. Kisha akamgusa Sévère begani, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nyandwi alimwita Léocadie nje, kwenye baraza.

"Mama, nitakuambia wazi. Hii si ukoma. Hii ni kansa ya ngozi. Manyamweru wanaipata kwa sababu ya jua. Sasa imeingia shingoni, na ikiisha ingia huko, kumukata ni kumutesa bure. Tutakupa dawa ya maumivu. Rudi naye nyumbani."

"Kwani hakuna njia hata moja?"

"Ingekuwa mwanzoni, ingekuwa kitu kidogo. Ilipokuwa kama punje, tungemukata asubuhi, jioni anakula ugali wake." Nyandwi alikunja midomo kwa uchungu. "Mulipaka nini pale? Ile dawa nyeusi? Inachoma nyama ya juu tu, mama. Kinachoanguka ni nyama iliyoungua, na zile nyuzi si mizizi, ni nyama pia. Ugonjwa wenyewe unabaki chini unatembea. Munatoka wapi nyinyi?"

"Nyakabere."

"Nyakabere!" Nyandwi alishangaa. "Na yule mama yenu hakuwaambia? Alikuja hapa na donda la muundi, kubwa namna hii. Muganga alimukata, akachukua ngozi ya paja, akamubandika. Alikaa nasi karibu musimu muzima. Bernardine. Siku ya kutoka alilia kwa furaha, akatuletea ndizi na kuku. Alisema atawaambia watu wote wa huko waje mapema."

Léocadie alishika nguzo ya baraza. Alikumbuka siku alipokuwa akimsugua shangazi yake mgongo mtoni, akaona alama kubwa kwenye paja lake la kulia, akauliza, na shangazi akajibu kwamba uji wa moto ulimmwagikia. Uji! Kumbe siku ile ya kamiyo mwanamke yule alijua. Alisimama barabarani, akapandisha nguo, akaonyesha kazi ya kisu cha muganga ili kumzuia mtu asiende kwa muganga. Na mtu mwenyewe alikuwa mume wa mtoto aliyemlea kwa mikono yake.

"Unaanguka? Kaa chini, mama," alisema Nyandwi.

"Sijaanguka," alisema Léocadie.

Njia nzima ya kurudi hakumwambia Sévère neno. Alikuwa anaweka maneno yake pamoja, moja juu ya lingine, kwa siku ya kuyatoa mbele za watu.

*

Siku hiyo ilifika upesi. Félicien, kaka mkubwa wa Sévère, aliita kikao cha ukoo pale pale nyumbani, maana mgonjwa alikuwa hawezi tena kwenda mbali. Wakaja wanaume wa ukoo na wake zao. Sévère alilazwa kwenye mkeka karibu na ukuta, shuka imefunika nusu ya uso. Léocadie alikuwa nje akimimina maji ya kunywa. Alipoingia na mtungi, alimkuta Bernardine amekwisha kaa mahali pa wakubwa, amempakata Jean-Berchmans, naye mtoto anacheza na rozari yake.

Félicien alikohoa. "Tunataka kujua jambo moja tu. Ndugu yetu iko anakufa, na watu wanasema labda angepona kama angekwenda hospitali mapema. Nani alimuzuia?"

Léocadie akaweka mtungi chini. Akafungua mdomo.

"Wacha niseme minye, mukubwa wa hapa," alitangulia Bernardine, na sauti yake ilikuwa tayari na machozi. "Minye sitaficha. Mimi mwenyewe ni mutu wa hospitali. Muguu huu munaouona, ni wazungu wa Uvira walinitengeneza. Wakanikata, wakanibandika ngozi ya paja langu. Mungu awabariki! Sasa muntu aliyepona kwa kisu, atamukataza mwenzake kisu? Niliwaambia waende. Nilisema, Léocadie mwanangu, peleka mume. Lakini vijana hawa!" Alitikisa kichwa. "Aliogopa kambi ya wakoma. Akanililia, shangazi, tupe dawa ya babu. Nikampa, kwa huruma. Minye ni muzazi, nitafanya nini?"

Watu waliguna. Macho yote yakageuka kwa Léocadie.

Na yeye, jamani, alisimama pale kama aliyenyang'anywa nguo. Ile kweli aliyoibeba kutoka Uvira, ile ambayo ingemwangusha Bernardine kifudifudi, Bernardine mwenyewe ameitoa, ameiweka mezani, na imegeuka kuwa kisu cha kumchinja yeye. Mguu ule ule! Jana ulisema dawa, leo unasema hospitali, na siku zote mbili umeaminiwa.

"Anasema uongo," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto. "Shangazi, siku ya kamiyo pale Sange! Si weye uliyetukimbilia? Si weye ulipandisha nguo?"

"Nilikuja kuwaaga, mwanangu. Umesahau."

"Kuaga!"

"Léocadie!" alikemea mke wa Félicien. "Ndivyo unavyoongea na aliyekulea?"

Félicien aliinua mkono. Alimgeukia mgonjwa. "Sévère, weye ndiye mwenye mwili. Sema. Nani alikataza?"

Sévère aliisogeza shuka kidogo. Jicho lake moja lililobaki wazi lilimtazama Bernardine na mtoto aliyempakata, likatazama hapo kwa muda mrefu. Léocadie alimsubiri. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo, maana mume wake hakuwa amewahi kumwambia uongo, hata wa utani.

"Ni minye," alisema Sévère. "Hakuna aliyenizuia. Niliogopa mwenyewe."

Félicien alishusha pumzi. Wanaume wakatazamana, wakakubali kwa vichwa, kama watu waliopata jibu linalowafaa wote. Bernardine alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akamshukuru Mungu kwamba ukweli umejulikana na hakuna mwenye kinyongo, akasimama, akamrudishia Léocadie mtoto. Akamnong'oneza, "Nitakuja kesho na chakula."

"Usije," alisema Léocadie, si kwa kunong'ona. "Usikanyage hapa tena."

Loo! Nyumba ililipuka. Mtoto wa kulelewa kumfukuza shangazi yake, mbele za wakwe, mbele ya mgonjwa! Wanawake walipiga makofi ya kushangaa, Félicien alisema uchungu umemharibu akili, na wakatoka wote kwa pamoja, wakimsindikiza Bernardine kama mfiwa, mmoja amemshika mkono asijikwae.

*

Léocadie alikaa karibu na mkeka. Alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kumsafisha mumewe shavu.

"Wameenda?" aliuliza Sévère.

"Wameenda. Wewe pia ungeenda nao." Hakuweza kujizuia. "Kwa nini, baba Spès? Umeniacha peke yangu pale kama mwizi. Ulikuwa na neno moja tu la kusema."

Alijibu polepole, maana kila neno lilimvuta shingo.

"Nilimwona amepakata mutoto. Nikafikiri, minye naondoka, weye huna mama, huna baba. Nikimuvunja leo, kesho nani atakusaidia na watoto? Nikaona heri nibebe minye. Wafu hawagombani na mutu."

"Mimi sitaki msaada wake. Heri nilime kwa meno."

Nje kuku walikuwa wakiparua penye mgomba ule, na sauti za wakwe zilisikika bado, zinaelekea barabarani.

"Niambie kweli," alisema. "Kule Uvira, yule infirmier alikuita pembeni. Ukarudi, uso wako si uso wako. Kama ningepanda kamiyo siku ile ya kwanza. Ingesaidia?"

Léocadie alikamua kitambaa. Neno la kumtuliza lilikuwa tayari mdomoni, neno jepesi, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba isingesaidia kitu. Nani angemlaumu? Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kula uongo wa kutosha, na kila uongo ulioingia humo ulikuja umevaa huruma.

"Ungepona," alisema. "Si siku ile ya kamiyo tu. Na kipele kilipokuwa kama punje, kabla ya kigaga cha kwanza, ingekuwa kitu kidogo. Wangekukata asubuhi, jioni ungekula ugali wako. Na shangazi alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu yeye ndivyo alivyopona."

Kifua cha Sévère kilipanda, kikashuka. Machozi yakatoka kwenye lile jicho, yakaingia kwenye donda, na ni lazima yalimchoma, kwa sababu alikunja uso. Hakuwa amelia kwa ajili yake mwenyewe tangu ugonjwa ulipoanza. Sasa alilia kama mtu aliyepigwa na anayemjua, bila sauti, na Léocadie alilia naye, akimfuta, akijifuta, kwa kitambaa kile kile.

Kisha akamshika mkewe mkono kwa nguvu ambazo Léocadie alidhani zimekwisha.

"Niinue," alisema. "Nikalishe. Halafu umwite Félicien. Umwambie nimesema uongo pale, nataka kusema tena. Wote warudi, na shangazi arudi. Kuna wenye vidonda huku bondeni ambao bado wanaweza kupanda kamiyo."

Alimwinua, akamwegemeza ukutani, akamwekea mto wa nguo mgongoni. Alimwacha mtoto miguuni pake. Akatoka mbio bila viatu, akavuka uwanja, akafika barabarani. Walikuwa wamefika mbali kidogo, kundi zima, kando ya mashamba ya pamba, Bernardine katikati yao.

"Félicien!" alipiga kelele. "Shemeji Félicien! Rudini! Mwenye nyumba anawaita!"

Kundi likasimama. Félicien alitia kiganja sikioni asikie vizuri. Wengine walikuwa bado wanaulizana ni nani anayeita, lakini Bernardine hakuuliza. Alikuwa amekwisha jitoa kwenye mikono ya waliomshikilia, amekunja kitenge juu ya goti, anakatiza shamba la pamba akikimbilia nyumbani kwake.